Paa na kilicho chini yake: alama ya Kichina iliyokuwa kwenye kartoni

Kartoni ile ilikuwa ya taa ya sola. Taa yenyewe iliuzwa zamani, lakini kartoni ilibaki, kwa sababu kambini hakuna kitu kinachotupwa. Mwalimu aliikunjua, akaifunga kwa kamba kwenye mti ulioshikilia shitingi, akawa anaandika juu yake kwa makaa. Huo ndio ulikuwa ubao wa darasa. Mbele yake walikaa watoto 30 hivi kutoka Masisi na Rutshuru, juu ya mawe ya volkano, upande wa magharibi wa mji wa Goma, miezi michache kabla ya kambi zile kuvunjwa.

Upande mmoja wa kartoni ulikuwa na maandishi ya Kichina. Siku moja mtoto wa kike wa miaka 9 aliuliza alama hizo zinasema nini. Mwalimu, ambaye kwao alifundisha darasa la tano kwa miaka 11, hakuwa na jibu. Hakutaka kudanganya.

«Sijui, mwanangu. Tutauliza.»

Aliyeulizwa ni fundi wa simu aliyekuwa na meza yake kando ya njia ya kambi. Watoto walimwita yaya. Alikuwa kijana wa Bukavu. Wanajeshi wa China wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, wahandisi na waganga, walifika Congo mwaka wa 2003, na kikosi chao kilikaa Bukavu kwa miaka mingi, kikibadilishana watu, hadi wakati MONUSCO ilipofunga kazi yake Kusini-Kivu mwezi wa sita 2024. Baadhi ya watoto waliokua karibu na kambi yao walijifunza kusalimia kwa Kichina. Wachache, kama fundi huyu, walijifunza hata kusoma alama kadhaa.

Fundi aligeuza kartoni, akatafuta kwa kidole, akasimama kwenye alama mbili zilizokuwa pamoja: 家用.

«Hizi mbili zinasema kitu cha kutumia nyumbani,» alisema. «Hii ya kwanza ndiyo nyumbani. Inasomwa jia.»

Mama mzee mmoja aliyekuwa akichambua maharagi karibu na darasa aliinua uso, akatazama shitingi iliyotoboka juu ya vichwa vya watoto, akacheka.

«Nyumbani? Basi kartoni hii imepotea njia.»

Kwa wale wanaosikia habari hii ikisomwa bila kuiona, alama hiyo inaweza kuelezwa hivi. Juu kabisa kuna nukta ndogo, kama ncha ya nyumba ya majani. Chini ya nukta kuna mstari wa kulala, na miisho yake miwili inashuka kidogo, kushoto na kulia. Hilo ni paa. Chini ya paa kuna mgongo uliopinda, na miguu inayotoka pande mbili. Huyo ni mnyama. Mistari yote pamoja ni 10: mitatu ya paa, saba ya mnyama. Alama nzima ni hii: 家.

«Na ni mnyama gani?» mtoto aliuliza.

«Nguruwe,» fundi alijibu.

Darasa lote lilicheka. Mama mmoja Mwislamu aliyekuja kumchukua mtoto wake alikunja uso. «Nguruwe ndani ya nyumba? Na watu wako wapi?»

Swali hilo si la mtu asiyesoma. Wachina wenyewe wamelibishania karibu miaka 2000.

Alama hiyo ni ya zamani sana. Mwaka wa 1899, Wang Yirong, mkubwa mmoja wa serikali ya kifalme huko Beijing, alitambua kwamba vipande fulani vya mifupa vilikuwa na maandishi. Mifupa ya namna ile iliuzwa katika maduka ya dawa kwa jina la mifupa ya joka. Watu waliisaga na kuitumia kama dawa, bila kujua kwamba walikuwa wakimeza barua za wafalme. Baadaye ikajulikana kwamba mifupa ilitoka karibu na mji wa Anyang, katika jimbo la Henan, na mwaka wa 1928 wataalamu walianza kuchimba huko kwa utaratibu. Waliikuta makao makuu ya mwisho ya wafalme wa ukoo wa Shang, waliotawala zaidi ya miaka 3000 iliyopita.

Wafalme hao walikuwa na desturi ya kuwauliza wazee wao waliokufa. Mvua itanyesha? Mavuno yatakuwa mazuri? Tuingie vitani ao tungoje? Mke wa mfalme atajifungua salama? Walichukua mfupa wa bega la ng'ombe ao gamba la tumbo la kobe, wakauchoma kwa moto mpaka ukapasuka, wakasoma jibu katika nyufa. Halafu swali likachongwa juu ya mfupa huohuo. Kwa njia hiyo maswali yao yamefika hadi leo, maswali yaleyale ambayo mkulima wa Masisi anajiuliza kila msimu.

Juu ya mifupa hiyo alama ya nyumbani ipo. Ni mchoro wazi kabisa: paa la pande mbili, na ndani mnyama mwenye tumbo nono na mkia. Kwa karne nyingi watu waliiandika upesi zaidi, kwa kalamu ya manyoya, na mistari iliyopinda ikanyooka. Tumbo la mnyama likapotea. Paa likabaki.

Sasa, kwa nini nguruwe, wala si mtu?

Maelezo yanayopendwa zaidi ni mepesi. Wachina walianza kufuga nguruwe zaidi ya miaka 8000 iliyopita. Kwa mkulima, nguruwe ni akiba inayotembea. Anakula mabaki, anazaa wengi, anatoa mbolea, na shida ikifika anauzwa. Mtu anayepita njiani hana nguruwe, maana mnyama huyu hachungwi kutoka mlima hadi mlima kama ng'ombe ao mbuzi. Anayefuga nguruwe amekaa mahali. Kwa hiyo paa peke yake ni kibanda tu, lakini paa lenye nguruwe chini yake ni makao.

Maelezo ya pili ni ya mwenye elimu. Xu Shen aliandika kamusi kubwa iliyokamilika mwaka wa 100, yenye alama zaidi ya 9000, akieleza kila moja ilivyoundwa. Yeye alisema yule nguruwe hakuwekwa kwa maana yake ila kwa sauti. Dume la nguruwe katika Kichina cha zamani liliitwa kwa sauti inayofanana na neno la nyumbani, basi waandishi wakaazima mchoro wake.

Mwalimu alipata mfano mzuri wa kuwaeleza watoto jambo hilo. Kiswahili kina paa la nyumba, na kina paa wa porini, yule swala mdogo. Tuseme mtu anataka kuandika paa la nyumba kwa michoro tu. Anaweza kumchora yule swala, na msomaji atatamka «paa». Swala hayuko juu ya nyumba. Amekopesha sauti yake tu. Alama nyingi sana za Kichina zimeundwa hivyo: upande mmoja unaonyesha maana, upande mwingine unakopesha sauti.

Kuna pia Duan Yucai, mtaalamu aliyetoa maelezo marefu juu ya kamusi ya Xu Shen mwanzoni mwa karne ya 19. Yeye hakukubaliana naye. Alisema alama hii mwanzoni ilikuwa ya zizi la nguruwe lenyewe, halafu watu wakaitumia kwa makao ya binadamu. Alitoa mfano wa alama nyingine, ng'ombe chini ya paa, ambayo ilikuwa zizi la ng'ombe na sasa maana yake ni gereza. Wengine tena wanasema nguruwe yule ni sadaka, kwamba nyumba ya kwanza ilikuwa ile ambamo jamaa walikutana kuwatolea wazee wao mnyama. Mabishano hayajaisha, na kila upande una mifupa yake ya kuonyesha.

Yule mama mzee wa maharagi alisikiliza yote hayo, kisha akachagua upande.

«Hao wa kwanza ndio wanajua,» alisema. «Nyumba isiyo na mnyama ni ya mtu anayepita. Mimi nilikuwa na mbuzi wanne na dende kumi na mbili. Niliondoka na sufuria.»

Watu wa Kivu wanaelewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Dende, wale wanyama wadogo ambao wengine wanawaita kobaye, walienea sana Kusini-Kivu, moja ya sababu ikiwa vita. Ng'ombe anaonekana mbali na anachukuliwa. Mbuzi analia usiku. Dende anafichwa jikoni, anakula majani na maganda, na siku ya kukimbia anaingia ndani ya kikapu. Kama alama ile ingechorwa kwanza Kabare ao Walungu katika miaka hii, labda chini ya paa angewekwa dende.

Yule mama Mwislamu naye alipata jibu lake. Nchini China kuna Waislamu wa kabila la Hui, zaidi ya milioni 10. Hawagusi nguruwe, lakini wanapoandika neno nyumbani wanaandika alama hiyohiyo. Miaka 3000 imepita juu ya mchoro, na macho ya msomaji hayaoni tena mnyama, yanaona mlango wa kwao. Ni kama mtu anayesema «kartiye» kwa mtaa wake, bila kukumbuka kwamba neno hilo la Kifaransa lilianza kwa maana ya robo, kipande kimoja kati ya vinne.

Maana za alama hii ni nyingi kuliko mistari yake. Kiswahili kina maneno tofauti: nyumba ni jengo, nyumbani ni mahali, kwetu ni asili, jamaa ni watu. Kichina kinaweza kuyabeba kwa jia moja. Mtu akisema huijia, yaani kurudi jia, anarudi kwao. Laojia, jia ya zamani, ni kijiji cha wazazi, hata kama msemaji alizaliwa mjini na hajawahi kulima huko. Banjia ni kuhama, yaani kubeba jia na kuipeleka mahali pengine. Kichina hakisemi kwamba mwenye kuhama ameacha jia nyuma. Kinasema ameibeba.

Alama hiyo inapanda juu hadi kwenye nchi. Neno la taifa ni guojia, nchi na nyumba pamoja, kama kusema kwamba serikali ni jamaa kubwa. Ni maneno mazuri. Mwananchi yeyote anaweza kujiuliza kama baba wa jamaa hiyo analeta chakula nyumbani. Dajia, nyumba kubwa, maana yake ni watu wote. Mtangazaji wa China anayewasalimia wasikilizaji wake anasema «dajia hao», habari zenu nyote, na ndani ya salamu hiyo ameweka watu wote chini ya paa moja.

Halafu kuna matumizi mengine yanayomfurahisha kila mwenye kusema Kiswahili. Kiswahili kinapotaka kumtaja mtu wa kazi fulani ya elimu ao ya sanaa, kinamwita mtoto wa kazi hiyo: mwanasayansi, mwanamuziki, mwanasheria, mwanahabari. Kichina kinaweka jia mwishoni. Mwanasayansi ni kexuejia, nyumba ya sayansi. Mwanamuziki ni yinyuejia, nyumba ya muziki. Waswahili wanasema sayansi imemzaa mtu huyu. Wachina wanasema sayansi inakaa ndani yake.

Mwalimu alilishika hilo la mwisho kwa muda. Katika kambi ile walikuwamo walimu, maseremala, washonaji, waganga wa wanyama na wakunga. Kwenye karatasi ya kugawia unga wote waliandikwa neno moja, déplacé. Kwa Kichina, jia ya kazi hauwezi kuichoma moto pamoja na mabati.

Paa lile la nukta na mstari linafunika alama nyingine pia, na fundi alizichora chache pembeni. Mwanamke chini ya paa: hiyo ni an, amani, utulivu. Mtoto chini ya paa: hiyo ni zi, ambayo siku hizi maana yake ni alama ya kuandikia, herufi. Mwanamke aliyesimama kando ya jia ni kuolewa, kwa sababu kwa desturi ya Wachina msichana aliondoka kwa wazazi na kuhesabiwa katika jia ya mume. Akina mama waliguna. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Kisha yule mtoto wa miaka 9 aliuliza: «Na kama chini ya paa kuna moto?»

Fundi alisita. Alimtazama mwalimu, mwalimu akainamisha kichwa kukubali. Fundi akachora nukta, akachora paa, na ndani yake akaweka moto: 灾.

«Hii inasomwa zai,» alisema. «Maana yake ni balaa. Msiba mkubwa.»

Hakuna mtoto aliyecheka. Kadhaa kati yao walikuwa wameiona alama hiyo kabla ya kujua kuandika. Mwalimu aliipangusa kwa kiganja, akasema sasa ni wakati wa kujifunza kutamka.

Matamshi ndiyo sehemu iliyowafurahisha zaidi. Katika Kichina cha taifa, kile cha shule na redio, alama hiyo inatamkwa kwa silabi moja, si mbili. Anayesema «ji-a», kama kwenye neno njia, amekosea. Ulimi unaanza na j laini, unagusa i haraka, na kuishia kwenye a, karibu na «jya». Na sauti inashikwa juu, sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, kama mwimbaji wa kwaya anayevuta noti moja.

Ule ujuu wa sauti si pambo. Kiswahili hakina jambo hilo, lakini watoto wa Kivu hawakulishangaa, kwa sababu lugha nyingi za mama zao zinalo, na Lingala pia inalo. Katika Lingala, moto kwa sauti ya chini ni mtu, na sauti ikipanda mwishoni ni kichwa. Kichina kinafanya hivyo kwa kila silabi. Jia ya sauti ya juu iliyonyooka ni nyumbani. Sauti ikishuka chini kisha ikapanda, kuna jia nyingine, yenye alama yake, na maana yake ni kitu cha uongo. Sauti ikianguka kwa nguvu kutoka juu, ni jia ya bei, nayo ina alama yake. Nyumbani, uongo, bei. Watoto waliimba hizo tatu mpaka jioni, na watu wazima waliopita njiani walidhani ni wimbo wa kanisa mpya.

Sauti hiyo ya j haikuwapo tangu mwanzo. Zamani Wachina walianza neno hilo kwa k. Katika lugha za kaskazini, k iliyosimama mbele ya i ililainika pole pole mpaka ikawa j. Mwenye Kiswahili anafahamu njia hiyo, maana ndani ya kinywa chake kuna jambo kama hilo: hatusemi kiti kiangu, tunasema kiti changu. Ki imekutana na vokali, ikawa ch.

Lakini k ile ya zamani haikufa. Ilikimbilia pembeni. Hong Kong na Guangzhou wanasema ga. Wakorea, waliochukua alama hii kutoka China zamani, wanaisoma ga. Wavietnamu walipata gia. Wajapani waliichukua kwa sauti mbili, ka na ke, kisha wakaongeza maneno yao wenyewe ya nyumba juu ya alama ileile: ie, uchi na ya. Na kusini mwa China kuna watu wanaosema ka, wazi kabisa. Watu hao wana historia ambayo inafaa isikilizwe na kila jamaa iliyolala chini ya shitingi.

Wanaitwa Hakka. Jina lao ni alama mbili: ya kwanza mgeni, ya pili ni hiyohiyo ya nyumbani. Hak-ka, jamaa za wageni. Kwa karne nyingi wazee wao walihama kutoka kaskazini, kundi baada ya kundi, wakisukumwa na vita, njaa na kuanguka kwa wafalme. Walipofika kusini, katika Jiangxi, Fujian na Guangdong, ardhi nzuri ya mabondeni ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Walipewa milima. Wenyeji waliwaita wageni, na jina likadumu hata kwa wajukuu wa wajukuu, waliozaliwa palepale na hawakujua kijiji kingine.

Kuishi pamoja hakukuwa kwepesi. Kutoka 1855 hadi 1867, huko Guangdong, Hakka na wenyeji walipigana vita vikali juu ya ardhi, na watu wengi sana walikufa. Vijiji vilichomwa pande zote mbili. Anayejua mambo ya Masisi na Rutshuru hahitaji kuongezewa maneno hapa.

Huko Fujian, Hakka na majirani wao walijenga nyumba kubwa za udongo, nyingine za mviringo, zenye kuta nene na mlango mmoja mkuu, na ndani yake ukoo mzima uliishi pamoja. Mwaka wa 2008, majengo 46 ya namna hiyo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hakka wengine walivuka bahari. Wengi wa Wachina wa kisiwa cha Mauritius ni wa asili hiyo.

Watu hawa waliitwa wageni, lakini hawakutupa jina hilo. Walilichukua, wakalifanya lao. Na katika vinywa vyao neno nyumbani limebaki na k yake. Si wao peke yao walioihifadhi, watu wengine wa kusini pia wanayo. Ila kaskazini, kule wazee wao walikotoka, leo wanasema jia. Wajukuu wa waliokimbia wanasema ka. Waliopoteza mashamba ndio waliolinda sauti ya zamani ya neno nyumbani.

Fundi alipomaliza kusimulia hayo, mama mzee aliacha maharagi.

«Kwa hiyo wajukuu wangu wakisema lugha yetu hapa Goma,» aliuliza, «hawapotezi wakati?»

«Hawapotezi, mama.»

Tangu siku hiyo, kabla ya hesabu, mwalimu aliwapa watoto dakika chache kila mmoja ataje neno la nyumbani katika lugha ya mama yake. Kihunde, Kinyarwanda, Kinande, Kitembo. Aliyaandika kwa makaa kuzunguka alama ya Kichina. Baadhi ya watoto wadogo hawakulijua neno hilo. Walikwenda kuuliza, na kesho yake wakalileta.

Mwezi wa pili 2025 kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa kwa siku chache. Watu waliambiwa warudi makwao. Kwa Kichina hilo ni neno moja jepesi, huijia. Kwa miguu, na godoro kichwani, ni kilometa 40, 60, 80, na mwisho wa njia hakuna anayejua kama atakuta paa, ao ile alama nyingine.

Mwalimu hakurudi. Shule yake haina tena madawati wala mlango. Anakaa kwa jamaa iliyompokea mjini, watu 11 katika vyumba viwili, kama wanavyoishi wengi wa waliohama katika mashariki ya Congo, ambao hawakuwahi kukaa kambini. Kartoni ameiweka chini ya mkeka wake. Watoto wa mwenyeji wake waliiona, wakauliza. Akawaonyesha jinsi ya kuandika, kwa utaratibu ambao Wachina wote wanaufuata: haiwezekani kuanza na mnyama. Nukta kwanza. Halafu mstari mfupi wa kushoto. Halafu mstari wa paa na kona yake ya kulia. Paa likiisha ndipo unashuka ndani, mgongo, na miguu mmoja baada ya mwingine, mpaka mstari wa 10.

Yule mtoto wa miaka 9 alikwenda upande wa Sake pamoja na mama yake, na habari zake hazijafika. Mama mzee alifika kijijini kwake. Aliazima simu, akampigia fundi, na fundi akapeleka maneno kwa mwalimu kama alivyoyapokea.

«Mwambie mwalimu mabati yote yamechukuliwa. Tumefunga shitingi. Jirani amenipa dende wawili, dume na jike.»